Kijiji cha Makumbusho Dar na pa kwenda ukitoka hapo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wa Dar tuna kitu kimoja cha ajabu, kila siku tunapita na daladala pale Makumbusho, konda anaita "Makumbushoo wa kushukaa", tunashuka, tunapanda gari lingine la kwenda kwetu, na miaka inapita hatujawahi kuingia kwenye yenyewe makumbusho. Halafu siku anakuja shemeji kutoka mkoani au shangazi anarudi toka Oman, anasema nipeleke sehemu, hapo ndo maswali yanaanza. Nimeyaweka pamoja yale yanayojirudia.

## Ya mwanzo kabisa

Kijiji cha Makumbusho ni nini hasa?

Ni makumbusho ya wazi, yani siyo jengo lenye vioo na vitu ndani ya makabati, ni eneo lenye miti na nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia ndani unainama mlangoni unaona kitanda, mafiga, vyungu, ghala la nafaka, zizi. Ilifunguliwa 1967, kipindi ambacho nchi bado changa na watu wanahamia nyumba za bati na saruji, kwa hiyo wazo lilikuwa kuhifadhi ujenzi wa kienyeji kabla haujapotea machoni. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa.

Mbali na nyumba kuna ngoma, na kuna mafundi wanaofanya kazi zao, mchongaji anachonga, msusi anasuka, ukikaa karibu na kuuliza vizuri utajibiwa. Hiyo sehemu ya kuuliza ndo raha yenyewe, ntairudia huko chini maana wengi wanaikosa.

Hii ndo ile ya Posta yenye fuvu?

Hapana, na kila wiki kuna mtu anapotea hapa. Ile ya Posta, mtaa wa Shaaban Robert, inaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, ilifunguliwa 1940 enzi za Mwingereza, ndo yenye habari za fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, magari ya zamani ya viongozi, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Hii ya nyumba za asili ipo Kijitonyama, Bagamoyo Road, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Ukimwambia bodaboda "nipeleke makumbusho" bila maelezo, aliyeko mjini atakupeleka Posta na aliyeko Sinza atakupeleka stendi. Sema Kijiji cha Makumbusho.

Ukiniuliza uanze na ipi, mtoto wa shule ya msingi mpeleke Kijitonyama kwanza, kule anagusa na kukimbia. Posta aende akishaanza kusoma historia darasani, atafaidi zaidi.

Nafikaje?

Daladala yoyote iliyoandikwa Makumbusho, zipo kutoka karibu kila kona ya mji maana pale ni stendi. Zile za Mwenge zinazopita Bagamoyo Road nazo ni sawa, ukishapita Morocco na Victoria jiandae kushuka, ukiona umefika Sayansi umepitiliza. Toka stendi ni kutembea kwa mguu tu, muulize mama lishe yeyote. Kwa gari binafsi epuka asubuhi ya watu wanaoingia mjini na jioni ya wanaotoka, foleni ya barabara ile kila mtu anaijua. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni nafuu sana.

Kiingilio vipi?

Mtanzania analipa kidogo, mgeni wa nje analipa zaidi, na watoto na wanafunzi wana bei yao ya chini. Beba kitambulisho, NIDA au cha shule au hata cha mpiga kura, ukiwa na lafudhi ya kigeni au umekuja na ndugu waliokulia nje hiki kitu kinamaliza mabishano getini. Malipo ya serikali siku hizi yanaenda kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo weka salio la kutosha kabla hujatoka nyumbani, na keshi kidogo mfukoni kwa ajili ya ngoma, soda, na mafundi ukinunua kitu.

Niende muda gani na nikae saa ngapi?

Saa 4 asubuhi ni muda mzuri, jua bado la kirafiki na wanaoongoza wageni hawajachoka. Tenga saa mbili, na ukiwa na mtu mzima anayependa kusimulia tenga tatu. Wale wa kuingia kupiga selfi nne na kutoka ndani ya nusu saa ndo wale wanaorudi wanasema "hamna kitu pale, ni vibanda tu". Saa 7 mchana wa Januari usijaribu, ndani ya nyumba ni baridi ila ukitoka jua linakupokea.

Ngoma mara nyingi ni wikiendi, mchana kuelekea jioni. Kama shida yako kubwa ni ngoma basi geuza ratiba, fika saa 8 hivi, zunguka nyumba, malizia na ngoma. Ukiwa na kundi mnaweza kuomba mpigiwe siku nyingine kwa kulipia, mpatane mapema.

## Ndani ya kijiji

Niajiri mwongoza wageni au nizunguke mwenyewe?

Chukua mwongoza wageni, siongezi neno. Kibao cha maelezo kitakuambia nyumba ya kabila gani na imejengwa kwa vitu gani, basi. Mtu ndo atakuambia baba analala upande gani, kwa nini mlango umewekwa pale, mkwe anaishia wapi akija kutembea. Uliza swali la kijinga kabisa, ndo linaleta majibu matamu. Na ukiwa na bibi au babu yako mbebe, maana katikati ya ziara atamkatiza yule kijana aseme "sisi hatukufanya hivyo", na hapo ndo mnapata kile ambacho hamna popote pengine.

Kwani nyumba si nyumba tu? Naangalia nini?

Hili swali linanifurahisha. Angalia kila nyumba inajibu shida gani ya kwao.

Anza na tembe la Kigogo. Dodoma mvua kidogo, upepo na jua vingi, miti mirefu ya kujengea ni ya shida, kwa hiyo wenzetu wakajenga chini chini, kuta za udongo, paa limelala na limefunikwa udongo juu, na vyumba vinazunguka ua ili ng'ombe walale katikati salama. Ukiingia mchana ndani kumepoa na giza. Wahehe nao wana tembe, kwa hiyo muulize anayekuongoza akuonyeshe tofauti.

Halafu nenda kwenye msonge wa Kihaya, utadhani umebadilisha nchi. Kagera mvua nyingi, nyasi tele, basi nyumba ni duara na nyasi zimeshuka toka kileleni mpaka chini kabisa, hakuna ukuta wa kuuona kwa nje, maji ya mvua yanateleza moja kwa moja mpaka ardhini. Simama katikati ndani uangalie juu uone fito zilivyozungushwa, hapo hata wale vijana wa simu huwa wananyamaza. Nyumba ya asili ya Kichaga nayo ni ya nyasi mpaka chini, na mle watu na ng'ombe walikaa paa moja, mlimani baridi, ardhi finyu, mifugo inafungwa ndani na mbolea inaenda mgombani.

Wanyakyusa wametoka Rungwe kwenye mianzi ya kumwaga, na nyumba yao inaonyesha. Mzaramo, mwenyeji wa hapa hapa Dar, nyumba yake ni ya miti na udongo, pembe nne, makuti juu, na mbele kuna sehemu ya kukaa maana pwani maisha ni nje, kahawa, bao, mkeka, wapita njia. Ukishaiona hiyo, siku ukipita Kariakoo au Magomeni ukakuta nyumba ya zamani yenye baraza mbele na korido katikati utaona undugu wake.

Ni nyumba za zamani kweli au zimejengwa juzi?

Ni za kujengwa pale pale kwa ufundi wa asili, hakuna aliyebeba nyumba toka Bukoba kwenye lori. Na zinakarabatiwa kila baada ya muda maana nyasi na miti haviishi milele. Kuna sababu nyingine watu hawaiwazi: kule kwao nyumba ilikuwa na moto unawaka kila siku, moshi unapanda unakausha nyasi na kufukuza mchwa na wadudu. Makumbusho hakuna mtu anapika kila siku, halafu unyevu wa Dar huu, na tembe limeumbwa kwa ajili ya Dodoma kavu leo linapigwa masika ya pwani. Kwa hiyo ukikuta nyumba moja imefungwa kwa matengenezo usilalamike, ndo maisha ya nyumba za hivi hata vijijini, watu walikuwa wanaezeka upya tena na tena.

Kabila langu halipo, mbona mmetubagua?

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, eneo ni lile lile moja. Zimechaguliwa nyumba zinazoonyesha aina tofauti za ujenzi, na majirani wengi hujenga kwa kufanana, kwa hiyo tafuta ya jirani yako uanze utani hapo. Pia huwa kuna siku maalum za utamaduni ambapo jamii fulani inapewa nafasi ya kuonyesha vyakula, ngoma na mila zake, fuatilia matangazo ya Makumbusho ya Taifa uone zamu ya kwenu.

Watoto watachoka?

Hawachoki, wanachokesha. Kuna nafasi ya kukimbia, kuna kuingia na kutoka, kuna giza kidogo la kuogopesha. Wakataze kupanda kwenye kuta za udongo na kuchomoa nyasi za paa. Mpe kila mtoto kazi, mmoja atafute nyumba yenye mlango mfupi kuliko zote, mwingine ahesabu mafiga, na muda utaenda. Siku za katikati ya wiki mnaweza kukutana na mabasi ya shule, kelele zake ni za furaha ila picha nzuri sahau.

Mtu wa kiti cha magurudumu au mzee anayetembea kwa fimbo anaweza?

Kuzunguka nje anaweza akiwa na wa kumsaidia, njia ni za ardhi na siyo zote tambarare, mvua ikinyesha zinateleza. Kuingia ndani ya nyumba ni kazi zaidi maana milango mingi ni mifupi na vizingiti vipo, ni ya asili. Kwa mzee mimi nashauri mchague nyumba tatu au nne, mtafute kivuli akae, wenzake wazunguke. Na msisahau shikamoo kwa mafundi wazee mnaowakuta pale, inafungua milango kuliko tiketi.

Picha ruksa? Video ya harusi je?

Picha zako za simu hakuna tatizo, ila mafundi na wacheza ngoma waombe kwanza, ni watu wako kazini. Ukija na kamera kubwa, taa, bwana harusi na wapambe nane, hiyo ni shughuli ya biashara, kaongeeni na ofisi kabla ya siku yenyewe. Droni usirushe kabisa bila vibali.

## Ukitoka hapo: bahari, vinyago na msitu

Nimemaliza saa 6 mchana, niende wapi karibu?

Kula kwanza. Stendi pale kuna mama lishe wa kutosha, wali maharage na samaki, ugali dagaa, bei ya kawaida. Halafu chaguo la karibu ni Mwenge kwenye vinyago, vituo vichache tu mbele. Ukiwa umetoka kumwona mchongaji mmoja makumbusho, Mwenge utakuta wengi wamekaa chini wanachonga, vinyago vya Kimakonde vya mpingo na vingine vingi. Mpingo wa kweli ni mzito na weusi wake uko ndani mpaka katikati, mti wa kawaida uliopakwa kiwi ni mwepesi na ukikwaruza chini unaona rangi nyingine. Patana bei kwa utani, usikasirike.

Chaguo la pili ni Coco Beach, bajaji toka Makumbusho siyo mbali. Jua likishapoa, kuanzia saa 10 hivi.

Coco Beach kuna kiingilio? Kuna nini?

Ufukwe ni wa wazi, unaingia bure, unalipia unachokula. Muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu, mishikaki, madafu. Jumapili jioni Dar nzima iko pale kama sokoni mkesha wa sikukuu, ukitaka utulivu nenda Jumanne. Simu na pochi weka mfuko wa mbele.

Kitu kimoja, wageni wanaambiwa waende kuangalia jua linazama baharini. Coco inatazama mashariki! Jua pale linachomoza baharini, jioni linazama nyuma yako kwenye majengo. Ukitaka machweo juu ya maji nenda upande wa pili wa rasi, Slipway Msasani, kule ghuba inatazama magharibi.

Nafika Coco nakuta mawe matupu, maji yako wapi?

Umefika maji yakiwa yamekupwa. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kwa karibu dakika 50, ndo maana rafiki yako alikuta maji Jumamosi iliyopita saa 9 na we leo saa 9 unakuta miamba. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Angalia jedwali la maji kwenye simu au muulize mvuvi. Kupanga siku ya bahari kwa saa ya ukutani bila kuuliza maji ndo kosa la kwanza la watu wa bara.

Maji yakiwa yamekupwa siyo hasara, unatembea kwenye miamba unaona kaa na samaki wadogo kwenye vidimbwi, ila vaa viatu, kuna vile viumbe vya miiba mirefu myeusi, ukimkanyaga mmoja siku imeisha.

Kuogelea ni salama?

Kaa pale wengine wanapoogelea, watoto wasiende peke yao hata maji ya magotini, na usiingie umelewa. Maji yakianza kupwa huwa yanavuta. Kipindi cha kusi, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, upepo ni mkali na mawimbi yanapanda, ni wakati mzuri wa kukaa mchangani na muhogo wako.

Bongoyo na Mbudya naweza kuunganisha na makumbusho siku moja?

Unaweza ila nakukataza. Visiwa vinataka siku yake. Boti za Bongoyo zinatoka Msasani, Slipway, za Mbudya zinatoka upande wa Kunduchi na Mbezi Beach, safari ni fupi lakini utapoteza muda kwenye kusubiri watu wajae, kuvaa, kubeba kibegi. Vyote viwili viko kwenye hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ilitangazwa 1975, kwa hiyo mbali na nauli ya boti kuna kiingilio cha hifadhi, muulize mwenye boti kama bei aliyokutajia imeweka vyote.

Mbudya ndo ya kuogelea na kula samaki chini ya banda la makuti. Bongoyo napenda zaidi kwa kutembea, kuna njia inapita vichakani. Usiokote makombe wala matumbawe, ni hifadhi. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wengine wanakucheka, na kabla hujapanda uliza boti ya mwisho kurudi ni saa ngapi.

Sipendi bahari, kuna msitu?

Kuna Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ukipita uwanja wa ndege unaendelea. Ni msitu wa asili wa pwani, mabaki ya misitu ya zamani sana, na ni maajabu kwamba bado upo mlangoni pa jiji linalokula mkaa kiasi hiki. Kuna njia za kutembea, na kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, ambayo popo wameyafanya makazi, jioni wanatoka kwa wingi. Ni hifadhi ya serikali, pitia ofisi, lipa, chukua mwongozaji, usijifanye unajua njia. Hii nayo ni siku yake peke yake, Kijitonyama na Pugu viko pande tofauti za mji.

## Mambo ya pembeni

Mvua ikinyesha?

Vuli huwa inapiga na kuacha, unaingia kwenye msonge unasubiri, na kwa kweli kusikiliza mvua ukiwa ndani ya nyumba ya nyasi ni sehemu ya ziara. Masika, Machi mpaka Mei, ni habari nyingine, Dar inafurika na kurudi nyumbani kunakuwa kazi. Siku ya masika nzito nenda ile ya Posta yenye paa la uhakika (angalia swali la fuvu hapo juu).

Magofu ya Kunduchi na Kaole je?

Kunduchi kuna msikiti wa kale na makaburi ya enzi hizo, pametulia mno, ndo maana usiende peke yako, nenda na mwenyeji. Kaole iko Bagamoyo, toka Dar ni zaidi ya kilomita 60, kwa hiyo ipe siku nzima uunganishe na Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Anayekuambia makumbusho asubuhi, Kaole mchana, Coco jioni, hajawahi kukaa kwenye foleni ya Tegeta.

Nivae nini? Nitatoka makumbusho niende beach moja kwa moja.

Nguo nyepesi, viatu vya kufunga, khanga au kikoi kwenye begi. Makumbusho hakuna sheria kali ila ni sehemu ya wazee na wanafunzi, nguo za kuogelea zingoje Coco. Na Coco kwenyewe ukitoka majini jifunge khanga ukienda kununua muhogo.

Tunakuja kundi, kikoba chetu watu 30. Kuna la kujua?

Pigeni simu au nendeni ofisini siku kadhaa kabla, mseme idadi, wangapi watoto, na kama mnataka ngoma. Mgawanyike makundi mawili kwa ziara, watu 30 hawaenei ndani ya nyumba moja na wa nyuma hawasikii chochote. Chakula pataneni na mama lishe mmoja tangu jana yake. Na michango ikusanywe kabla ya kupanda Coaster, kiingilio, ngoma, chakula, nauli, vyote kwa mweka hazina, maana getini ndo kila mtu anakumbuka pochi ameacha kwenye begi jingine.